"Ili" inapokataa Kiingereza: dalili, chanzo na marekebisho ya sentensi za kusudi

Mwezi wa kumi ukifika na korosho zikaanza kuingia maghalani, mezani kwangu hapa Mtwara huanza kuingia barua. Kuna kijana anayeomba ukarani ghalani, mwingine udereva, mwingine ulinzi kwenye mitambo ya gesi upande wa Madimba. Dada mwingine anaomba nafasi ya chuo. Wote wanasema: "Mwalimu, nisomee Kiingereza changu kabla sijapeleka." Nimesoma barua hizo miaka mingi na najua zinapovunjika. Zinavunjika pale mwandishi anapofika kwenye neno "ili".

Inaniuma kwa sababu hapo ndipo penye moyo wa barua. Mtu anaeleza kwa nini anaomba, anataka kufanya nini, nani atafaidika. Akikosea jina la wilaya, msomaji atamwelewa. Akikosea sentensi ya kusudi, huenda msomaji akaelewa jambo jingine kabisa, na mwombaji asijue kamwe.

Kwa wengi wetu huku Kiingereza ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, shule ya msingi Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza ghafla. Tukapewa orodha ubaoni: "to" ni ili, "in order to" ni ili, "so as to" ni ili, "so that" ni ili. Orodha hiyo haina uongo, lakini ndiyo inayotupoteza, kwa sababu inatufanya tuamini kwamba maneno hayo manne yanaweza kubadilishana nafasi popote.

"Ili" yetu haichagui jirani. Tunasema ili nipate, ili kupata, ili watoto wapate, ili nisikose. Kazi ya kueleza nani anafanya, na kama anafanya au hafanyi, imebebwa na kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kiingereza hakina viambishi vya kubeba mzigo huo, kwa hiyo mzigo umegawanywa kwa maneno yaliyo nje yake. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu waache kutafsiri "ili" na watazame kwanza neno linaloifuata. Karibu kila kosa lililo hapa chini limetokana na kutotazama huko. Tafuta sentensi inayofanana na yako.

"so that to"

"I am applying for this post so that to gain experience."

Hili ndilo kosa linaloongoza, na si la wasiosoma tu. Nimelikuta kwenye matangazo ya semina na kwenye ripoti zenye mihuri. Chanzo chake kinaonekana ukirudisha sentensi nyumbani: naomba nafasi hii ili kupata uzoefu. "Ili" ikawa "so that", "kupata" ikawa "to gain", na kila neno limetafsiriwa sawasawa. Tatizo ni kwamba "so that" hudai mtendaji nyuma yake. Baada yake lazima aje mtu au kitu, kisha kitenzi.

Basi tazama kinachofuata "ili" katika Kiswahili chako. Kama ni "ku-", yaani ili kupata, ili kusoma, ili kusaidia, futa "so that" na uache "to" peke yake: "I am applying for this post to gain experience." Kama ni kitenzi chenye mtu ndani yake, ili nipate, ili wapate, "so that" inabaki, lakini mtoe yule mtu aliyejificha ndani ya kitenzi na umwandike waziwazi: "so that I can gain experience."

Kosa pacha ni la kugeuza upande: "in order I can gain" au "so as I can gain". Hapo mtu amewekwa nyuma ya maneno yasiyompokea. "In order to" na "so as to" hufuatwa na kitenzi kitupu, basi. Kuna "in order that" inayopokea mtu, ila ni ya maandishi mazito na sioni sababu ya kuitumia kwenye barua ya kazi.

Nikiulizwa kati ya "to", "in order to" na "so as to" ipi ni bora, nasema "to". Vijana wengi hudhani urefu ndio heshima, wakaijaza barua "in order to" kila mstari hadi inachosha. Iweke mara moja, pale unapotaka kusudi lisikike kwa uzito. Na ukiiandika, ni maneno matatu. "Inorder" haipo.

Mtendaji amegeuka

Hili halitokei mara nyingi kama lile la kwanza, lakini madhara yake ni makubwa zaidi, kwa sababu sentensi inaonekana haina kasoro.

Binti mmoja kutoka kijiji cha upande wa Tandahimba aliniletea barua ya kuomba ufadhili. Mama yake alikuwa amelima korosho peke yake, akauza, akalipa ada. Aliandika: "My mother sold her cashews to go to school." Nikamwuliza, "Mama anasoma wapi sasa hivi?" Akanitazama. Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza alichoandika, aliyekwenda shule ni mama.

Kichwani mwake alikuwa na "mama aliuza korosho ili niende shule". Ile "ni-" ya niende ndiyo yeye mwenyewe. Katika "to go" hakuna pa kumweka, na Kiingereza kikikosa mtu karibu na "to" kinamchukua mtendaji wa mwanzo wa sentensi. Mama ndiye aliyeuza, basi mama ndiye aliyekwenda.

Dawa ni kujiuliza swali moja kila mara: je, mwenye kufanya la kwanza ndiye mwenye kufanya la pili? Akiwa yule yule, "to" inatosha. Wakiwa wawili, una njia mbili. Unaweza kutumia "so that" na kumtaja wa pili: "My mother sold her cashews so that I could go to school." Au utangulize "for" na jina lake kabla ya "to": "My mother sold her cashews for me to go to school." Ya kwanza inafaa zaidi barua rasmi. Ya pili ni nzuri kwenye mazungumzo na pale sentensi ni fupi: "I left the door open for the children to come in."

Kuna pahala sheria hii inalegea. Ukimpa mtu kitu, au ukimtuma, yule aliyepewa au kutumwa ndiye huchukuliwa kuwa mtendaji wa "to": "I gave my brother money to buy fuel." Kaka ndiye atakayenunua, na kila mtu anaelewa hivyo. Vilevile "I sent him to Masasi to collect the parcel." Usiongeze mtu mwingine hapo ukaandika "to he buys". Baada ya "to" hii ya kitenzi hakuna "he" wala "she" wala "I", hata siku moja.

Jirani wa kosa hili ni "I want that you come", kutoka "nataka uje". Hilo si kusudi, lakini mzizi ni ule ule: mtu aliyejificha ndani ya kitenzi. Kiingereza husema "I want you to come."

"for visiting", "for to see"

"I went to Lindi for visiting my grandmother."

Hapa mkosaji ni "kwa ajili ya". Tunasema nilikwenda Lindi kwa ajili ya kumtembelea bibi, na kila mtu anajua "kwa ajili ya" ni "for". Kwa hiyo "for visiting", na wengine kwa tahadhari wanaweka yote mawili, "for to visit". Hiyo ya pili ilikuwepo katika Kiingereza cha zamani na bado husikika kwenye lahaja chache na nyimbo za kale, ila Kiingereza sanifu cha leo hakina.

Mtu anapoeleza kwa nini alifanya jambo, na sababu hiyo ni kitenzi, tumia "to": "I went to Lindi to visit my grandmother." Sababu ikiwa ni kitu, jina tupu, hapo ndipo "for" inapokaa: "I went to Feri for fish." Mambo mawili tofauti: "for fish", lakini "to buy fish".

Sasa mwanafunzi makini ataniuliza, kama nilivyoulizwa: mbona kwenye maboksi ya dawa na vitabu vya ufundi tunaona "for cutting", "for cleaning"? Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tuna kauli ya kutendea, ile "-ia" au "-ea", tunayoitumia kueleza kazi ya chombo. Mbuzi ya kukunia nazi. Turubai la kuanikia ufuta. Pampu ya kupulizia mikorosho. Kinu cha kutwangia. Chombo kikiwa kinaelezwa kazi yake kwa "cha ku-…-ia", Kiingereza kinapokea "for" na "-ing": "a tarpaulin for drying sesame", "This pump is for spraying cashew trees." Husemi "nilikwenda Lindi kumtembelelea bibi" kueleza kusudi la safari, na kwa hiyo hapo hakuna "for visiting". Nimewapa wanafunzi wangu kipimo hiki, na wanaokishika hawarudi tena kwenye kosa hili.

Kuna "for" na "-ing" nyingine inayowachanganya watu, ile ya sababu iliyokwisha kutokea: "He was fined for buying cashews illegally." Alitozwa faini kwa kununua kangomba, yaani kununua korosho kinyume cha sheria. Kununua kulitangulia, faini ikafuata. Kusudi huwa mbele, bado halijafika. Sababu ya namna hii iko nyuma. Ukiandika "He was fined to buy cashews", umemfanya mtu atozwe faini ndipo apate kununua.

Nikiwa hapo hapo, ona "used". "Sulphur is used to control powdery mildew" ni salfa hutumika kudhibiti ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. "My father used to spray sulphur" ni baba alikuwa na kawaida ya kupuliza salfa zamani. "My father is used to the smell of sulphur" ni baba amezoea harufu ya salfa. Ni ya kwanza tu inayohusu kusudi. Tazama kama kuna "is" au "are" kabla yake, na kama kinachofuata ni kitenzi au jina.

Kukanusha

"I left early for not to late." "I left early so that to not late." "I left early not to be late."

Tatu hizi zinatoka kwenye "ili nisichelewe", neno moja lenye mtu, kanusho na kitenzi pamoja. Mtu akijaribu kulifumua, vipande vinamtawanyika.

Kwanza "late". Kwetu kuchelewa ni kitenzi. Kwao "late" ni sifa, haiwezi kusimama bila "be". Kwa hiyo ni "be late", siku zote.

Pili, pale kusudi linapokanushwa, "to" peke yake haitoshi. Hapa ndipo "so as to" na "in order to" zinapopata kazi ya lazima. Neno "not" linaingia katikati, kabla ya "to": "I left early so as not to be late." "I left early in order not to be late." Ukiwa na mtu wa pili, rudi kwenye "so that": "I left early so that my children wouldn't wait long."

"Not to" tupu utaikuta mahali pawili. Baada ya maneno kama "be careful": "Be careful not to spill the oil." Na pale unapopinganisha: "I came not to quarrel but to apologise." Nje ya hapo, mweke "so as" mbele.

Njia nyepesi ninayopenda kuwapa wenye haraka ni "to avoid", ikifuatwa na "-ing" au jina: "I left early to avoid missing the bus." Kanusho limefichwa ndani ya kitenzi na hakuna "not" ya kutafutia pa kukaa.

Wakati haulingani

"I woke up at four so that I can catch the bus to Dar es Salaam."

Kitenzi chetu cha kusudi hakijui wakati. Naamka mapema ili niwahi. Niliamka mapema ili niwahi. Nitaamka mapema ili niwahi. "Niwahi" haibadiliki. Katika Kiingereza msaidizi anayekuja baada ya "so that" hufuata wakati wa kitenzi cha mwanzo: "I wake up at four so that I can catch the bus", lakini "I woke up at four so that I could catch the bus." "Can" inageuka "could", "will" inageuka "would".

Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, watu wa kusini walipumua. Kabla ya hapo safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kusubiri kivuko. Simulia hilo kwa Kiingereza: "The bridge was built so that vehicles could cross the Rufiji without waiting for a ferry." Jambo lote liko nyuma, kwa hiyo "could", hata kama magari bado yanavuka leo. Vivyo hivyo mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho mwaka 2007: "The system was introduced so that farmers would get a better price." Kama kusudi lenyewe bado liko mbele yako unapoongea, "can" inakubalika hata baada ya wakati uliopita: "I bought this phone yesterday so that you can call me tomorrow." Kwenye mtihani, ukiwa na shaka, linganisha nyakati.

Ona pia "so that I can be able to help". Inatokana na "ili niweze kusaidia", na mwandishi anaogopa "niweze" isipotee. Imeshaingia. "Can" ndiyo kuweza. Ama "so that I can help", ama "to be able to help".

"isije ikanyesha"

Huku kwetu kuna watu wanaanika ufuta, mbaazi, korosho, na mawingu huja bila taarifa. Tunasema: funika korosho, isije ikanyesha. Mwanafunzi akaandika: "Cover the cashews so that it does not rain." Yaani funika korosho ili mvua isinyeshe, kana kwamba turubai linazuia mawingu.

"Isije" yetu ina tahadhari ndani yake. Neno la tahadhari katika Kiingereza ni "in case": "Cover the cashews in case it rains." Mvua inaweza kuja au isije, mimi nimejiandaa. "So that" inabaki kwa kile ninachoweza kukizuia kweli: "Cover the cashews so that they don't get wet." Mvua siwezi kuizuia, kulowa kwa korosho naweza.

Baada ya "in case" usiweke "will". Ni "in case it rains", na kwa yaliyopita "in case it rained".

Watu wengi wa Tanzania hutumia "in case" kwa maana ya "endapo": "In case you come to Mtwara, call me." Mwingereza ataelewa, lakini anayetaka kusema "ukija" atumie "if". Tofauti inaonekana hapa: "I'll cook more rice if the guests come" ni nitapika wakija. "I'll cook more rice in case the guests come" ni napika sasa hivi, waje wasije.

"Lest" utaikuta kwenye Biblia na maandiko ya kale. Ijue kwa kusoma, usiilazimishe kwenye barua.

"went to bought"

Hili ni dogo na dawa yake ipo mdomoni mwako tayari. "I went to the market to bought ming'oko." Mwandishi anahisi kwamba kwa kuwa jambo ni la jana, kila kitenzi kiwe cha jana. Sema kwa Kiswahili: nilikwenda sokoni kununua ming'oko. Umesema "kununua", hukutia ndani yake ile "li" ya wakati uliopita iliyomo kwenye "nilikwenda". "Ku-" haipokei "li" hiyo, na "to" haipokei wakati uliopita. Katika hili lugha zetu mbili ni ndugu.

Ukitaka kuonyesha kwamba kununua kulitokea kweli, tunasema nilikwenda nikanunua, nao wana "I went and bought". Kumbuka pia "stop": "We stopped at Mingoyo to eat" ni tulisimama Mingoyo tule. "We stopped eating at Mingoyo" ni tuliacha kula.

Barabara haina kusudi

"The road was bad so that we arrived late." Barabara haikukusudia. Hili ni tokeo, na tokeo kwa kawaida ni "so … that" iliyoachanishwa na sifa katikati: "The road was so bad that we arrived late." Au "so" peke yake: "The road was bad, so we arrived late." Kipimo: weka "kwa makusudi" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikisikika upuuzi, "so that" haifai.

"with a view to improve"

Kwa wanaopenda lugha ya ofisini tu. "With a view to" huchukua "-ing": "with a view to improving". Vilevile "with the aim of improving". "To" ya hapo ni kihusishi kama "for" au "of", na unaijua kwa kuwa inaweza kufuatwa na jina tupu. Kwa maoni yangu "to improve" inasema yote hayo kwa maneno mawili.

Kusudi lisilotimia

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniambia: "Mwalimu, siwezi kuandika 'to' kama jambo halikufanikiwa." Nilifurahi, kwa sababu swali hilo linaonyesha mtu anayefikiri. Ukweli ni kwamba "to" inasema nia tu, haisemi kama nia ilifika.

Mfano uko hapa hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake. Reli ikajengwa kutoka pwani kwenda huko, na bandari ya kina kirefu Mtwara. "They built a harbour at Mtwara to ship groundnuts." Sentensi ni sahihi kabisa, ingawa mradi uliachwa mwaka 1951, reli ile haipo tena, na bandari leo tunaifahamu kwa korosho. Nia ilikuwepo, na "to" inashuhudia nia.

Lakini ipo "to" nyingine inayofanana sura na hii, na inawaponza hata wasomaji wazuri: "only to". "We travelled to Newala only to find the office closed." Ukiisoma kama kusudi, utadhani tulisafiri kwa nia ya kukuta ofisi imefungwa. Maana yake ni: tukafunga safari hadi Newala, kufika tunakuta ofisi imefungwa. Ni tokeo baya lisilotarajiwa, na "only" ndiyo ishara yake. Kwenye ufahamu wa mtihani, ukiiona, jua kuna masikitiko ndani ya sentensi.

Barua yenye magonjwa kadhaa

Mara nyingi makosa haya huja pamoja. Hii ni aya niliyoitunga kwa kukusanya makosa ninayoyaona kila msimu: "Last year I went to Lindi for looking a job so that I can help my parents. I woke up early not to miss the bus, but the road was bad so that we arrived late. Now I am applying so that to get experience."

Anza na "for looking". Safari ya mtu, sababu ni kitenzi: "to". Halafu "so that I can", safari ni ya mwaka jana: "could". "Not to miss" ni kanusho la kusudi: "so as not to miss". Barabara haikusudii: "so bad that". Mwisho "so that to get", hakuna mtu nyuma yake: "to get".

"Last year I went to Lindi to look for a job so that I could help my parents. I woke up early so as not to miss the bus, but the road was so bad that we arrived late. Now I am applying to get experience."

Rudi sentensi ya kwanza uone kitu kimoja zaidi. "Kutafuta" kwetu ni neno moja, kwao ni mawili, "look for". Mwandishi aliiweka "for" mbele ya "looking", mahali isipotakiwa, na akaikosa nyuma yake, mahali ilipotakiwa.